Sinema za Skrini Pana na Mikanda Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu majumba ya sinema ya skrini pana, hasa ya miaka ya 1950 na 1960, na mikanda iliyopita ndani yake. Kila mfumo tunautazama kutoka chumba cha projekta. Matangazo yalisifu upana wa picha, lakini mfumo ulidumu au ulikufa kutegemea kazi aliyotwishwa mtu aliyeuendesha.

"Skrini pana" ni pana kiasi gani?

Kinachopimwa ni uwiano wa upana kwa kimo. Filamu bubu zilikuwa 1.33:1. Sauti ilipoingia na kuchukua nafasi pembeni mwa mkanda, Hollywood ilikubaliana mwaka 1932 juu ya 1.37:1. Chochote kilichozidi hapo, kuanzia 1.66 hadi 2.76, huitwa skrini pana.

Chukua skrini yenye kimo cha mita 6. Kwa 1.37 upana wake ni mita 8.2, kwa 1.85 ni mita 11.1, kwa 2.39 ni mita 14.3, na kwa 2.76 ni mita 16.6. Sasa geuza hesabu: ukumbi mwembamba ambao kuta zake haziruhusu zaidi ya mita 10. Picha ya 1.85 itakuwa na kimo cha mita 5.4, na ya 2.39 itashuka hadi mita 4.2. Kwa hiyo katika kumbi nyingi "skrini pana" ilikuwa picha ileile iliyokatwa kichwa na miguu. Wamiliki hawakulisema hilo kwenye mabango.

Ni kweli ilibuniwa kupambana na televisheni?

Ni nusu ya ukweli. Mahudhurio ya sinema Marekani yalianza kushuka baada ya 1946, na televisheni ikazidisha. Lakini wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Abel Gance alionyesha sehemu ya *Napoléon* kwa projekta tatu mwaka 1927, na kampuni ya Fox ilikuwa na mkanda wa mm 70 ulioitwa Grandeur, uliotumika kwenye *The Big Trail* ya 1930. Ulikwama kwa sababu wenye kumbi walikuwa wametoka kununua mitambo ya sauti, uchumi ukaporomoka, na hakuna aliyetaka kusikia habari ya projekta mpya.

Cinerama ilifanyaje kazi?

Onyesho la kwanza la mfumo huu wa projekta tatu lilikuwa New York tarehe 30 Septemba 1952, katika ukumbi wa Broadway. Mbunifu wake alikuwa Fred Waller, na sauti ilitengenezwa na Hazard Reeves.

Kamera ilikuwa moja yenye lenzi tatu za mm 27, na kila lenzi ilipiga picha kwenye mkanda wake wa mm 35. Fremu moja ilichukua matundu sita ya pembeni badala ya manne ya kawaida, na kasi ilikuwa fremu 26 kwa sekunde badala ya 24. Ukipiga hesabu, kila projekta ilimeza karibu mita 44.6 za mkanda kwa dakika, wakati filamu ya kawaida hutumia mita 27.4. Na projekta zilikuwa tatu.

Ukumbini palikuwa na vyumba vitatu vya projekta, vilivyoitwa Able, Baker na Charlie. Miale yao ilipishana: cha kulia kilimulika upande wa kushoto wa skrini, cha kushoto kikamulika kulia, na cha kati kikaenda moja kwa moja. Skrini ilijikunja nyuzi 146 kumzunguka mtazamaji. Sauti haikuwa kwenye mikanda ya picha kabisa. Ilikuwa kwenye mkanda wa nne uliopakwa sumaku mwili mzima, wenye njia saba: tano kwa spika za nyuma ya skrini, mbili kwa spika za kuzunguka ukumbi. Mota zote ziliunganishwa kwa umeme ili zizunguke pamoja kama mguu mmoja.

Skrini ya Cinerama ilitengenezwa kwa vipande vya utepe. Kwa nini?

Skrini iliyokunjika sana hujimulika yenyewe. Mwanga unaogonga upande wa kushoto hurudi na kutua upande wa kulia, na picha yote hupauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Dawa ilikuwa kuitengeneza kwa tepe zaidi ya elfu moja zilizosimama wima, kila moja na upana wa kama mm 22, zikipangwa kama vibao vya shata za dirisha. Kila utepe ulielekezwa kwa watazamaji, kwa hiyo mwanga uliotaka kuvuka kwenda upande wa pili uliishia mgongoni mwa utepe wa jirani. Sauti nayo ilipita katikati yao bila shida.

Ni nini kilichoharibika mara kwa mara?

Maungio kwanza. Picha tatu zilikutana mahali pawili, na hapo palionekana mistari. Pembeni mwa dirisha la kila projekta paliwekwa vibamba vyenye meno kama chanuo, vikitikisika haraka ili kuufifisha ukingo wa picha. Vilisaidia, lakini havikuficha kila kitu. Taa moja ikififia kidogo kuliko wenzake, theluthi nzima ya anga hubadilika rangi, na hilo hakuna chanuo la kulitibu.

Tatizo la pili ni mkanda kukatika. Kwenye projekta moja unaunga na kuendelea. Kwenye Cinerama, ukikata fremu 13 zilizochanika, mkanda huo unatangulia wenzake kwa nusu sekunde: gari linaanza safari upande wa kushoto, linafika katikati kabla halijaondoka. Kwa hiyo kila fremu iliyotolewa ilirudishiwa fremu nyeusi, idadi ileile bila kupungua hata moja. Nakala iliyozeeka ilijaa vipande vyeusi vilivyopepesa kwenye theluthi moja ya skrini.

Kukatika kulitarajiwa kiasi kwamba kulikuwa na filamu fupi ya dharura. Lowell Thomas, msimulizi wa onyesho la kwanza, alirekodiwa akizungumza na watazamaji, ili awekwe kwenye skrini wakati mafundi wakihangaika na uzi wa mikanda minne.

Tatizo la tatu ni gharama ya watu. Kila chumba kilihitaji mwendeshaji, sauti ikahitaji mtu wake, na mwingine akakaa kwenye meza ya usimamizi akiangalia picha. Filamu za hadithi za mikanda mitatu zilikuwa mbili tu, zote za 1962: *The Wonderful World of the Brothers Grimm* na *How the West Was Won*. Waigizaji wake walilazimika kutazama pembeni kidogo ya mwenzao ili kwenye skrini waonekane wanatazamana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa kwenye lenzi nyingine. Kuanzia 1963 jina Cinerama lilibaki, lakini ndani yake palikuwa na mkanda mmoja wa mm 70.

CinemaScope ilitofautianaje?

CinemaScope iliachia lenzi kazi yote. Henri Chrétien, mtaalamu wa macho na nyota wa Ufaransa, alikuwa ametengeneza tangu miaka ya 1920 lenzi ya anamofiki, inayobana picha upande mmoja tu. Kamera inabana upana mara mbili ili uingie kwenye fremu ya kawaida ya mm 35, na lenzi ya projekta inaufungua tena. Kampuni ya 20th Century-Fox iliichukua, na *The Robe* ikafunguliwa New York kwenye ukumbi wa Roxy tarehe 16 Septemba 1953.

Mwenye ukumbi hakuhitaji projekta mpya. Alihitaji lenzi ya kufungulia, kibamba kipya cha dirisha la fremu, skrini pana zaidi na, mwanzoni, mitambo ya sauti ya sumaku. Hapo ndipo CinemaScope ilipoishinda Cinerama. Mfumo unaofungwa kwa bisibisi asubuhi na kuonyeshwa jioni ulienea duniani kote.

Lenzi za mwanzo zilikuwa na ila yake. Mtu akipigwa picha kwa karibu sana, ubanaji ulipungua katikati ya fremu, lakini projekta ilifungua mara mbili vilevile. Uso ukatoka umevimba mashavu. Wapigapicha waliuita ugonjwa huo matumbwitumbwi. Lenzi za kampuni ya Panavision ndizo zilizoutibu, na ndizo zilizochukua soko baadaye.

Mbona kuna 2.55, 2.35 na 2.39? Ipi sahihi?

Zote, kila moja kwa wakati wake. CinemaScope ya 1953 ilibeba sauti kwenye mistari minne ya sumaku, bila mstari wa sauti ya mwanga (sauti iliyochapwa pembeni mwa picha na kusomwa kwa taa), kwa hiyo picha ilipata nafasi hadi 2.55:1. Wenye kumbi ndogo waligoma kununua mitambo ya sumaku, na mwaka 1954 Fox ikalegeza kamba. Mstari wa sauti ya mwanga uliporudishwa, picha ilipunguzwa upande mmoja ikawa 2.35:1. Kuanzia 1970 kimo cha dirisha la projekta kilipunguzwa kidogo ili maungio ya negativu (mkanda wa awali uliotoka kwenye kamera) yasimulike kama mstari mweupe kila picha inapobadilika, ndipo tukapata 2.39. Watu bado wanasema "mbili nukta tatu tano" kwa mazoea. Ukikata kibamba leo, dirisha la skopu, yaani la picha hii ya kubanwa ya 2.39, ni mm 20.96 kwa 17.53.

Nifanye nini nikibadilisha kutoka filamu ya 1.85 kwenda skopu kwenye projekta ya mm 35?

Badilisha lenzi, badilisha kibamba, kisha sogeza mapazia meusi ya pembeni. Ukisahau lenzi, watu wote watakuwa warefu na wembamba kama nguzo. Ukiiacha kwenye filamu ya 1.85, watanenepa. Makosa hayo mtoto atayaona. Yafuatayo ndiyo yanayopita bila kugunduliwa:

Lenzi ya anamofiki ikizunguka hata kidogo kwenye kishikio chake, mistari ya wima hulala. Izungushe ukitazama fremu ya mlango au nguzo, kisha kaza skrubu.

Fokasi ni mbili, si moja. Kwanza weka sehemu ya anamofiki kwenye umbali halisi wa kutoka projekta hadi skrini, halafu fokasi lenzi kuu. Ukifanya kinyume, mistari ya wima itakuwa makini na ya mlalo itakuwa na ukungu, au kinyume chake, na utazungusha fokasi usiku kucha.

Tatu ni kitanzi cha mkanda, hasa kwa nakala za sauti ya sumaku. Kichwa cha kusoma sumaku kiko juu ya geti, pale mkanda unapopita mbele ya taa. Sauti ya sumaku ya mm 35 iko fremu 28 nyuma ya picha yake. Sauti ya mwanga husomwa chini ya geti, kwa hiyo iko takribani fremu 20 mbele. Kitanzi kikiwa kikubwa kupita kiasi, midomo na maneno huachana. Hesabu fremu unapofunga mkanda, usikisie.

"Matundu ya Fox" ni nini?

Ili mistari minne ya sumaku ipate nafasi, Fox iliyafanya matundu ya pembeni mwa mkanda kuwa membamba zaidi. Meno ya magurudumu ya projekta nayo yalipaswa kupunguzwa upana. Meno membamba yanaendesha mkanda wa aina zote mbili. Meno mapana ya zamani yakikutana na matundu ya Fox, yanararua kingo, na nakala haitafika mwisho wa wiki ikiwa nzima. Kama una nakala ya sumaku ya miaka ya 1950, pima meno kabla hujafunga chochote.

Kwa nini kamera ni mm 65 na nakala ni mm 70?

Mm 5 za ziada ni za sauti. Mike Todd, aliyekuwa mmoja wa watu wa Cinerama, alitaka ukubwa uleule utoke kwenye projekta moja, akashirikiana na kampuni ya American Optical. Ndiyo maana ya jina Todd-AO. *Oklahoma!* ilifunguliwa kwenye ukumbi wa Rivoli, New York, tarehe 13 Oktoba 1955.

Negativu ni mm 65. Nakala inaongezewa mm 2.5 kila upande, nje ya matundu, na hapo inapakwa sumaku. Jumla ni mistari minne ya sumaku yenye njia sita: mbili kila ukingo wa nje, na moja moja ndani ya matundu. Njia tano zilikuwa za nyuma ya skrini na moja ya ukumbini. Fremu ina matundu matano kwa kimo, uwiano 2.20:1, na dirisha la projekta ni mm 48.56 kwa 22.10. Eneo hilo ni karibu mara tatu ya skopu ya mm 35, na zaidi ya mara nne ya 1.85. Skrini kubwa hukuza kila chembe ya mkanda. Fremu kubwa haihitaji kukuzwa sana, kwa hiyo picha hutulia na mwanga hupita kwa wingi.

Todd-AO ilianza kwa fremu 30 kwa sekunde, laini kama maji, lakini nakala za fremu 30 haziwezi kugeuzwa kirahisi kuwa za mm 35 za fremu 24. *Oklahoma!* ilipigwa mara mbili kwa sababu hiyo. Kufikia *South Pacific* ya 1958 walikubali yaishe, wakarudi 24.

Na Ultra Panavision?

Ni mm 65 iliyobanwa mara 1.25, hivyo picha inafika 2.76:1. *Ben-Hur* ya 1959 ilipigwa hivyo, na *Khartoum* ya 1966. Ikalala hadi *The Hateful Eight* ya 2015.

Projekta ipi ilikuwa bora?

Mafundi wengi watakujibu kwa herufi mbili na namba mbili: DP70. Ilitengenezwa na Philips, Uholanzi, kwa ajili ya Todd-AO, na Marekani iliuzwa kwa jina la Norelco. Magurudumu yake yana safu mbili za meno, za mm 35 na za mm 70, kwa hiyo unabadilisha ukubwa bila kufungua nusu ya mashine. Geti lake limepinda, na sababu ni ya vitendo: fremu ya mm 70 ni pana, joto la taa ya kaboni huibinua katikati, na picha hutoka kwenye fokasi. Karatasi iliyopindwa kidogo haibinuki ovyo. Mkanda ni vivyo hivyo.

Lakini projekta bora haiokoi chumba kilichojengwa vibaya. Chumba kikiwa juu sana na skrini ikiwa imekunjika, ncha za skrini zinapokea mwanga kabla haujashuka vya kutosha. Upeo wa bahari unapinda, katikati umezama na pembeni umenyanyuka, bahari inacheka. Kumbi zilizojengwa makusudi ziliweka projekta karibu na usawa wa katikati ya skrini.

Vichwa vya sumaku ndivyo vilivyomla fundi muda. Vinachubua oksidi (unga wa sumaku) kutoka kwenye mkanda na kuikusanya, sauti za juu zinafifia. Vifute kwa spiriti kila baada ya onyesho, na uviondolee sumaku mara kwa mara: kichwa kilichoshika sumaku kinaongeza mvumo na kufuta kidogo kidogo nakala unayoicheza.

VistaVision ilikuwa skrini pana?

Ilikuwa hasa njia ya kupiga picha. Paramount ililaza mkanda wa mm 35 upite kwenye kamera kwa mlalo, matundu nane kwa fremu, kisha ikapunguza picha kwenye nakala ya kawaida. *White Christmas* ya 1954 ilikuwa ya kwanza. Ukumbi haukununua chochote, na picha ilikuwa safi kuliko skopu ya wakati huo. Kwa maoni yetu ndiyo iliyokuwa na akili zaidi kuliko zote.

Filamu za Kihindi zilizopendwa pwani ya Afrika Mashariki zilikuwa za skrini pana?

Za mwanzoni hapana. Filamu ya kwanza ya India kwa CinemaScope ni *Kaagaz Ke Phool* ya 1959. *Sholay* ya 1975 ilipigwa kwa mm 35, kisha ikakuzwa kuwa nakala za mm 70 zenye sauti ya stirio. Nakala za mm 35 nazo zilitengenezwa kwa kumbi nyingine. Anayesema "niliiona Sholay ya mm 70" aliona picha iliyokuzwa, si negativu ya mm 65. Faida yake kubwa ilikuwa sauti na mwanga.

Nimepata kipande cha mkanda. Nitajuaje ni mfumo gani?

Vaa glavu za pamba, shika kingo tu.

1. Pima upana kwa rula: mm 35 au mm 70.
2. Hesabu matundu ya fremu moja. Mm 35 yenye manne ni ya kawaida au skopu. Yenye sita ni Cinerama. Yenye manane kwa mlalo ni VistaVision au Technirama, mfumo mwingine wa mkanda uliolazwa. Mm 70 yenye matano kwa wima ni familia ya Todd-AO. Yenye 15 kwa mlalo ni IMAX.
3. Tafuta kitu cha mviringo, gurudumu au saa. Kama kimekuwa yai lililosimama, picha imebanwa. Kwa mm 70 ubanaji wa 1.25 ni mdogo, hivyo usiamini nyuso, pima duara.
4. Mistari ya kahawia isiyong'aa ni sumaku. Mstari mweupe wenye mawimbi ni sauti ya mwanga. Vidoti vidogo kama alama za simu ya maandishi kwenye nakala mpya ni alama za kuongoza diski ya sauti ya DTS.
5. Kama kila kitu ni chekundu au waridi, rangi za Eastman zimefifia. Nakala za Technicolor za wino hubaki na rangi zake.

Mkanda wa mm 35 wa kabla ya 1951 huenda ni wa nitrati, unaowaka kwa nguvu hata bila hewa ya nje. Usiujaribu kwa kiberiti, wala usiuweke chumbani.

Mkanda wangu unanuka siki. Unaokoka?

Hauponi, ila unaweza kucheleweshwa. Ni msingi wa asetati unaooza na kutoa asidi, na asidi hiyo huharakisha uozo wenyewe. Nakala za sumaku huharibika upesi zaidi kwa sababu oksidi ya chuma inachochea. Zitenge na mikanda mizima, zitoe kwenye kopo lililofungwa kabisa, weka mahali pa baridi na pakavu, na peleka kukopiwa kabla haijasinyaa. Iliyosinyaa haikai tena kwenye meno ya magurudumu.

Bado naweza kuona haya ukumbini?

Cinerama ya projekta tatu ipo Pictureville, Bradford, Uingereza. Schauburg ya Karlsruhe, Ujerumani, ina skrini iliyopinda na tamasha la mm 70. Cinerama ya Seattle ilichukuliwa mwaka 2023 na asasi ya tamasha la filamu la mji huo. Cinerama Dome ya Hollywood, ukumbi wenye kuba la vipande 316 vya zege uliofunguliwa Novemba 1963, ulifungwa 2020.

Nyumbani nione vipi bila kuharibu picha?

Televisheni ni 1.78:1. Skopu itajaza takribani asilimia 74 ya kimo chake, Ultra Panavision asilimia 64, na mistari myeusi juu na chini ni lazima. Ingia kwenye mipangilio ya picha, zima "kuza" na "jaza skrini", chagua ukubwa halisi. Kisha tafuta duara kwenye picha, ulipime kwa rula juu ya kioo: likilingana wima na mlalo, umefika.